Julai hainunuliwi kwa dola: Dodgers, majeruhi wao na siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji

Kila Julai inapoelekea ukingoni huletewa swali lilelile, na sasa limenichosha kiasi cha kunilazimisha kuandika: "Dodgers wana fedha kuliko karibu timu zote, kwa nini wasimnunue tu mrushaji bora wa ligi na kumaliza ubishi?" Anayeuliza kwa kawaida ni mtu anayefuatilia soka kwa makini, anayelijua dirisha dogo la usajili linavyofanya kazi, na anayeamini kwamba siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika besiboli ya Marekani ni dirisha hilohilo lililohamishiwa majira ya joto. Silo. Kwa kuwa kazi yangu ni kutathmini wachezaji chipukizi, yaani mali yenyewe inayotumika kulipia siku hiyo, nitalieleza jambo hili kwa kirefu kwa kutumia mfano ambao matokeo yake yanajulikana: Dodgers wa Los Angeles wa Julai 2024.

Katika soka klabu hulipa ada na mchezaji huhama. Katika Ligi Kuu ya Besiboli timu haiwezi kupeleka dola milioni 50 mahali fulani na kuondoka na mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Aliyejaribu jambo la aina hiyo kwa uwazi alikuwa Charlie Finley, mmiliki wa Oakland, Juni 1976: aliwauza Rollie Fingers na Joe Rudi kwa Boston kwa dola milioni moja kila mmoja, na Vida Blue kwa Yankees wa New York kwa milioni moja na nusu. Kamishna Bowie Kuhn alifuta mauzo yote kwa hoja kwamba yanadhuru mchezo, Finley akaenda mahakamani, akashindwa. Leo fedha huonekana pembeni mwa makubaliano, hasa kufidia sehemu ya mshahara, lakini kiini cha malipo ni wachezaji.

Na wachezaji hao hupimwa kwa miaka. Mchezaji anayeingia ligi kuu hubaki chini ya mamlaka ya timu yake hadi atimize miaka sita ya utumishi, na siku 172 katika orodha ya ligi kuu huhesabiwa kuwa mwaka mmoja kamili. Katika miaka ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 740,000, kisha mshahara wake hupanda kwa njia ya usuluhishi, na mwishoni huwa huru kuuza huduma yake popote. Kwa hiyo kijana hodari mwenye miaka mitano iliyobaki ni hazina ambayo fedha pekee haiwezi kuipata, kwa sababu sokoni huru hayupo.

Sasa rudi kwenye swali. Mrushaji bora aliyekuwa akitajwa Julai ile ni Tarik Skubal wa Detroit, na aliyemfuata midomoni mwa watu ni Garrett Crochet wa Chicago White Sox. Wote wawili walikuwa chini ya timu zao hadi mwisho wa msimu wa 2026. Anayemtaka mmoja wao Julai 2024 hanunui miezi miwili. Ananunua Oktoba tatu, yaani michezo ya mtoano ya misimu mitatu, na mwenye mali hukutoza zote tatu hata kama wewe unaihitaji hii ya kwanza tu. Crochet alikuja kuhama Desemba, kwenda Boston, na bei yake ilikuwa chipukizi wanne: Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez. Isitoshe, alikuwa amerejea kutoka upasuaji wa kano ya kiwiko, hakuwahi kurusha msimu mzima kama mrushaji wa kuanza, yule anayeanzisha mchezo na kurusha awamu nyingi, na hakuna aliyejua mkono wake ungebaki na nini Oktoba. Hayo ndiyo yanayopuuzwa na anayesema "wamnunue tu".

Hali ya Dodgers wenyewe ilikuwa hivi. Mookie Betts alivunjika mfupa wa mkono wa kushoto tarehe 16 Juni baada ya kugongwa na mpira. Siku moja kabla yake Yoshinobu Yamamoto alikuwa ameondoka uwanjani na maumivu yaliyobainika kuwa ya misuli inayoshikilia bega. Max Muncy alikuwa nje tangu Mei kwa misuli ya ubavuni. Walker Buehler, aliyerejea Mei baada ya upasuaji wake wa pili wa kiwiko, alikuwa amekaa tena pembeni kwa sababu ya nyonga. Tony Gonsolin na Emmet Sheehan walikuwa wamepoteza msimu kwa upasuaji wa viwiko, na Dustin May, aliyekuwa akijiuguza mkono, alifanyiwa upasuaji wa umio mwezi Julai. Clayton Kershaw alirusha kwa mara ya kwanza msimu huo tarehe 25 Julai, awamu nne tu kati ya tisa za mchezo, siku tano kabla ya saa ya mwisho. Shohei Ohtani alikuwa akipiga bila kurusha, baada ya upasuaji wa Septemba 2023.

Hapa ndipo penye kosa linaloniudhi kuliko yote. Mashabiki, na hata baadhi ya watangazaji, husoma kwamba mrushaji amewekwa katika orodha ya majeruhi ya siku 15 kisha huhesabu vidole na kutangaza tarehe ya kurejea. Siku 15 si makadirio ya daktari. Ni kanuni ya orodha: mrushaji akiwekwa humo hawezi kurudishwa kabla ya siku hizo kwisha, kama ambavyo mpigaji hawezi kurudishwa kabla ya siku 10, na walio katika orodha ya siku 60 huachia pia nafasi yao katika orodha ya watu 40, ambao ndio timu inaweza kuwachezesha ligi kuu, ili timu imwingize mwingine. Kanuni inakueleza lini ni mapema mno. Lini yuko tayari ni suala jingine kabisa.

Mrushaji wa kuanza aliyekaa mwezi mmoja hupoteza uwezo wa kurusha kwa muda mrefu, na uwezo huo haurudi kwa kupona. Anaanza kwa kurusha kwenye uwanja tambarare, anahamia kwenye kilima cha mrushaji, anawakabili wapigaji wa timu yake mazoezini, kisha anapelekwa ligi ndogo, ambako mrushaji huruhusiwa siku zisizozidi 30 za kujiandaa. Huko hurusha awamu mbili, baadaye tatu, baadaye nne, na kati ya kila mchezo na mwingine huwa na siku tano au sita. Hesabu mwenyewe, na utaona kwamba jeraha lililopona katikati ya Julai hutoa mrushaji kamili mwishoni mwa Agosti, endapo hakuna kinachokwama njiani.

Ninapotumwa kumtazama mrushaji wa aina hiyo, kasi ya mpira wake wa kwanza hainishughulishi sana, kwa kuwa karibu kila mmoja anaweza kurusha kwa nguvu akiwa hajachoka na ana hamu. Natazama awamu ya tatu. Natazama mahali mkono unapouachia mpira: ukianza kushuka kidogokidogo, bega limechoka hata kama kipimo cha kasi bado kinasoma vizuri. Natazama kama anaacha kurusha ule mpira unaomuuma, kwa sababu mrushaji anayeficha maumivu hubadilisha uchaguzi wa mipira kabla hajabadilisha uso. Na siku inayofuata nataka kujua aliamkaje, taarifa ambayo timu yake inayo nami mara nyingi sina.

Haya yana uzito kwa sababu baada ya siku hiyo mlango hufungwa. Zamani palikuwa na njia ya Agosti: ndivyo Justin Verlander alivyotoka Detroit kwenda Houston tarehe 31 Agosti 2017 na kutwaa ubingwa huko. Tangu 2019 njia hiyo haipo. Baada ya saa ya mwisho timu huweza kuwaokota walioachwa na timu nyingine, na kwa kawaida hao si watu wa kuanzisha mchezo wa Oktoba. Kwa hiyo uamuzi wa Julai unahusu majeruhi ambao bado hawajaumia, na hakuna daktari anayewajua. Dodgers waliona hivyo haraka kuliko walivyotaka: River Ryan, mrushaji kijana aliyekuwa ameingia ligi kuu Julai hiyohiyo, aliumia kiwiko tarehe 10 Agosti, Tyler Glasnow alirusha mara ya mwisho tarehe 11, Gavin Stone akawekwa nje na bega mwanzoni mwa Septemba.

Walichofanya, basi, kilikuwa kununua upana. Tarehe 29 Julai, katika makubaliano ya timu tatu, walimpata Tommy Edman kutoka St. Louis na mrushaji Michael Kopech kutoka White Sox, wakatoa Miguel Vargas na vijana wawili wa ligi ndogo, Jeral Perez na Alexander Albertus. Siku iliyofuata, ambayo ndiyo ya mwisho, wakamchukua mrushaji Jack Flaherty kutoka Detroit kwa mdakaji Thayron Liranzo na Trey Sweeney, mchezaji wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Kevin Kiermaier alikuja kwa ajili ya ulinzi, Amed Rosario kwa ajili ya benchi. Hao hawahitaji maelezo.

Edman anastahili maelezo, kwa sababu watu walishangaa kuona timu yenye majeruhi wengi ikimleta majeruhi mwingine. Alikuwa hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu mwaka ule kutokana na upasuaji wa kifundo cha mkono, na alipokuwa akijiandaa ligi ndogo akatonesha kifundo cha mguu. Lakini tarehe za kurejea kwake zilikuwa zinakaribiana na za Betts, na anaweza kucheza katikati ya uwanja wa ndani na katikati ya uwanja wa nje kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo Betts alipopona tarehe 12 Agosti aliweza kurudishwa uwanja wa nje, na Edman alipoingia tarehe 19 alishika nafasi yoyote iliyokuwa wazi. Jeraha lake ndilo lililoshusha bei. Oktoba, katika mfululizo wa kabla ya fainali, aliingiza mikimbio 11 dhidi ya Mets wa New York na kutajwa mchezaji bora wa mfululizo ule. Je, uongozi wa Dodgers chini ya Andrew Friedman uliyaona hayo mapema? Uliona mchezaji anayefaa mahali pengi. Sidhani kuna aliyeiona Oktoba ile, na ripoti yoyote inayodai hivyo imeandikwa baada ya matokeo.

Fedha ina nafasi yake, ila si ile inayodhaniwa. Mwaka 2024 kodi ya mishahara, ambayo ligi huitoza timu ambayo jumla ya mishahara yake inavuka kiwango, ilianza dola milioni 237, na timu iliyokuwa ikiivuka kwa mwaka wa tatu mfululizo au zaidi ililipa asilimia 110 ya kila dola iliyopita milioni 297. Dodgers walikuwa huko juu. Mshahara wa Flaherty uliobaki uliwagharimu zaidi ya mara mbili, na fedha iliwawezesha kuukubali mzigo huo. Haikuwawezesha kumpata bila Liranzo na Sweeney.

Wasomaji wa Uganda huniuliza kama vijana wao waliosaini na timu za Marekani, wakiwemo wale waliosaini na Dodgers mwaka 2022, wanaweza kutolewa katika biashara kama hizi. Wanaweza, na si aibu: kuhitajiwa na timu nyingine ni uthibitisho kwamba kuna mtu amekuona. Mara nyingi timu inayokupokea ndiyo yenye nafasi ya kukuchezesha.

Nisichoweza kuwaficha ni udhaifu wa hesabu zetu wenyewe. Tunampa kijana wa miaka ishirini thamani kwa namba yenye nukta ya desimali, na namba hiyo huwafanya watu waamini tunajua. Hatujui kwa kiasi hicho. Ripoti ya ligi ya Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji ilitaja kasi kubwa, kuusaka mzunguko mkali wa mpira na kurusha kwa nguvu zote kila mara. Nakubaliana nayo, lakini kutoka hapo hadi kusema kiwiko hiki kitahimili Septemba hii ni safari ambayo sijaona aliyeimaliza. Flaherty mwenyewe ni shahidi. Iliripotiwa kwamba Yankees walisita kwa sababu ya taarifa za mgongo wake, na Dodgers, kwa mgongo huohuo, wakaendelea.

Oktoba walikuwa na warushaji watatu tu wa kuanza: Yamamoto, Buehler na Flaherty. Flaherty alirusha awamu saba bila kuruhusu mkimbio katika mchezo wa kwanza dhidi ya Mets. Katika mchezo wa tano wa fainali, dhidi ya Yankees walewale, alitolewa awamu ya pili, na timu ikawa nyuma 5–0 kabla ya kushinda 7–6. Aliyefunga awamu ya tisa alikuwa Buehler, ambaye tarehe 30 Julai alikuwa majeruhi na ambaye msimu wake wa kawaida uliisha kwa ushindi mmoja na kushindwa mara sita. Detroit, iliyodaiwa kuwa imekata tamaa ilipomtoa Flaherty, iliingia michezo ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014 huku Sweeney akicheza kila mara. Februari 2025 Flaherty, akiwa huru, alisaini tena na Detroit, ambayo bado ilikuwa na Sweeney na Liranzo.