Seva inavyoficha ugonjwa wake, na namna ya kuukamata mapema

Seva nzuri imetengenezwa ili ikiharibika kidogo, wewe usijue. Diski moja ikifa, RAID, yaani diski kadhaa zilizofungwa kufanya kazi kama moja, inaendelea kutoa data kutoka kwenye zilizobaki. Pawa saplai moja ikizima, ya pili inabeba mzigo wote. Biti moja ya memori ikigeuka, ECC, kinga ya makosa iliyo ndani ya memori, inairekebisha kabla programu haijaisoma. Hicho ndicho tunacholipia, na ni jambo jema. Tatizo ni kwamba watumiaji hawapigi simu, mauzo yanaingia, ripoti zinatoka, na seva imeshatumia akiba yake yote pasipo mtu kujua. Hitilafu ya pili ndiyo huangusha ofisi, kisha watu wanasema seva imekufa ghafla. Mara nyingi si ghafla hata kidogo. Ilianza kuugua wiki kadhaa nyuma na ikaandika kila kitu kwenye logi ambayo hakuna aliyeifungua.

Kwa hiyo ninapofunga mfumo wa kufuatilia seva, sianzi na kujua kama iko hewani. Hilo hata ping inalijibu. Nataka kujua ni kifaa gani ndani yake kinafidia udhaifu wa kingine, na kinafidia kwa kiasi gani.

Anayejua jibu ni BMC, kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao mama wa karibu kila seva ya kazi. Kwa Dell utaikuta kwa jina la iDRAC, kwa HPE ni iLO, kwa Lenovo ni XClarity Controller. Ina prosesa yake na memori yake, mara nyingi hata tundu lake la mtandao, na inaendelea kuwa macho seva ikiwa imezimwa, mradi umeme unafika kwenye pawa saplai. Ndiyo inayosoma vihisi vya joto, volti na mizunguko ya feni, na kuandika matukio kwenye logi yake iitwayo SEL. Windows au Linux ikiganda, BMC bado inajibu.

Ukiwa kwenye Linux, amri `ipmitool sel elist` inakufungulia logi hiyo. Kwenye chumba cha seva cha taasisi moja hapa Dar es Salaam nilikuta mstari huu:

`PS2 Status | Power Supply AC lost | Asserted`

Maana yake pawa saplai ya pili haipati umeme. Ukirudi, huandikwa mstari mwingine unaoishia na Deasserted. Huo haukuwepo. Waya ulikuwa umelegea nyuma ya reki, pengine tangu siku mtu alipopitisha kebo za mtandao, na kwa miezi seva yenye data zote za taasisi ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Kuuchomeka upya ilikuwa kazi ya dakika moja.

Mambo mawili kuhusu SEL. Kwanza, ni ndogo, na kwenye seva nyingi ikijaa inaacha kuandika matukio mapya, kwa hiyo inakupasa kuyavuta yahifadhiwe kwingine kisha uisafishe. Pili, BMC ina saa yake yenyewe. Usipoiunganisha na NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao, utaona tukio la saa nane usiku na usiweze kulilinganisha na umeme uliokatika jioni.

Nibaki kwenye umeme kidogo, maana kwetu huko ndiko maradhi mengi huanzia. Kuwa na pawa saplai mbili hakutoshi. Tuseme kila moja ni wati 750 na seva inakula wati 900 kazi ikichanganya. Hapo zote mbili zinafanya kazi, taa zote ni za kijani, lakini hakuna akiba: moja ikizima, ya pili haiwezi kubeba mzigo peke yake. Ndiyo maana nafuatilia wati halisi, kwa `ipmitool dcmi power reading` pale seva inapoikubali, na naweka arifa mzigo ukipita uwezo wa pawa saplai moja. Vilevile, kama zote mbili zimechomekwa kwenye UPS ileile, UPS ikifa zinakufa pamoja. Na kama mojawapo haipiti kwenye UPS, itapiga kelele kila umeme unapokatika na jenereta kuwaka. Ipe arifa hiyo dakika tano za kusubiri. Watu wakishazoea kupuuza ujumbe, watapuuza na ule wa kweli.

Joto nalo lina siri yake. Wengi wanaweka arifa kwenye joto la prosesa tu, na kila siku linaonekana zuri. Ni zuri kwa sababu feni zinalilinda. Vumbi likijaa kwenye matundu ya mbele, BMC inaongeza mizunguko, na joto linabaki palepale. Chora grafu ya mizunguko ya feni. Ukiona seva iliyokuwa ikizungusha feni mara 5,000 kwa dakika sasa inazungusha 8,000 kwa kazi ileile, na hewa inayoingia ina joto lilelile, peleka mtu na blowa. Hewa inayoingia ina kihisi chake, na ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, kinapendekeza iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Ikipanda kwenye seva zote za reki kwa pamoja, mgonjwa ni kiyoyozi.

Memori ninaipitia haraka: programu ya rasdaemon inahesabu makosa yaliyorekebishwa na ECC na kukuonyesha ni kijiti kipi. Kosa moja kwa mwaka halinisumbui. Kijiti kinachorekebishwa kila siku nakibadilisha.

Diski zinahitaji umakini zaidi. Kwenye SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, natazama namba 5, sekta zilizohamishwa, na 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa. Namba 187 na 198 nazo zina uzito. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Waliona kwamba diski ikitoa kosa lake la kwanza la uchunguzi wa sahani, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata ni mara 39 ya ile isiyo na kosa. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya 56% ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kubwa. Kwa hiyo SMART ikipiga kelele, iamini. Ikinyamaza, usilale.

Kumbuka kwamba diski zikiwa nyuma ya kadi ya RAID, `smartctl`, amri ya kusoma SMART, kwa kawaida haizioni. Kwa kadi za familia ya MegaRAID unaongeza `-d megaraid,0`, na namba inabadilika kwa kila diski. Fuatilia pia hali ya RAID yenyewe na betri ya kadi. Diski ya TB 8 ikijengwa upya kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde inachukua takriban saa 22, na kwenye RAID 5, inayovumilia kifo cha diski moja tu, muda wote huo huna akiba yoyote. Saa hizo zianze leo, zisisubiri mtu apite na kuona taa ya rangi ya chungwa.

Programu za kukusanya haya zipo. Zabbix ni ya bure na inasoma IPMI (lugha ya kuongea na BMC, ile inayotumiwa na `ipmitool`) na SNMP (lugha ya kufuatilia vifaa vya mtandao) bila nyongeza. Ofisi nyingi naanza nayo. Mwenye Prometheus, mfumo mwingine wa ufuatiliaji, anaongeza ipmi_exporter. Kwa vifaa vya kampuni moja, OpenManage Enterprise ya Dell au OneView ya HPE inakupunguzia kazi. Kwa seva mpya chagua Redfish badala ya IPMI, kiwango kilichotoka 2015 kinachotumia HTTPS na JSON. IPMI ni ya 1998, na toleo lake la 2.0 lina udhaifu mbaya: BMC humpa yeyote anayejua jina la mtumiaji heshi ya nywila yake, yaani nywila iliyofumbwa, akakae nayo kwake aivunje. Anayeingia kwenye BMC anaweza kuizima seva na kusimika mfumo mwingine. Iweke BMC kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa, badilisha nywila ya kiwandani, na usiifungue kwenye intaneti kwa sababu yoyote ile.

Halafu arifa. Barua pepe inayopitia seva ileile unayoilinda haitafika siku ya haja. Tuma SMS au Telegram kwa njia nyingine ya mtandao, kwa mtu mwenye jina na zamu. Mfumo wenyewe wa ufuatiliaji nao uangaliwe kutoka nje, upige kelele usiposikika.

Ukimaliza kufunga, kubalianeni saa tulivu na wenye seva, hakikisha nakala za akiba zipo na mzigo hauzidi uwezo wa pawa saplai moja, kisha chomoa waya mmoja wa umeme. Simu ya aliye zamu isipoita ndani ya muda mliouweka, kazi bado haijakabidhiwa.