Utani Kwenye Dripu ya Kwanza: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu anapopangiwa dripu ya kwanza ya kemotherapia, yaani dawa za kutibu saratani, ndugu na majirani huwa wamekwisha kumjaza hadithi za kutisha kabla daktari hajamaliza maelezo yake. Anayejaribu kucheka katikati ya hadithi hizo naye hupokea mafundisho yake, na mengi hayana ukweli.

Dhana: Kuitania saratani ni kukosa adabu, au ni dalili kwamba mgonjwa hajaukubali ugonjwa.

Ukweli ni kwamba katika jamii zetu nyingi utani umepewa kazi hata msibani. Mnyamwezi akifiwa, mtani wake Mzaramo ana ruhusa ya kuigiza mwendo wa marehemu na hata kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, wala hakuna anayesema kwamba hana huzuni. Mgonjwa anayetania huku kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa, ikiwa mkononi naye analitaja kwa sauti jambo linalomwogopesha, na mara nyingi hapo ndipo anapopata ujasiri wa kumwuliza muuguzi swali alilokuwa amelificha. Hata hivyo, si kila anayekuja kumjulia hali ni mtani wake. Mwenye ugonjwa ndiye anayeanza; anayemkuta amenyamaza kisha akaleta vichekesho vya kipara amejipa haki ambayo hakupewa.

Dhana: Kicheko na moyo mkunjufu huua saratani.

Imani hii hupenda kuegemea kisa cha Norman Cousins, mhariri wa Marekani aliyeeleza mwaka 1976 jinsi kicheko kilivyompunguzia maumivu. Lakini husahaulika kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa viungo na uti wa mgongo, si saratani. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo, na hali yao ya kihisia haikuonekana kurefusha wala kufupisha maisha yao. Kicheko hulegeza mwili uliokaza kwa hofu na hufupisha saa za kusubiri, na hilo latosha. Binafsi naiona dhana hii kuwa ya kikatili, kwa sababu dawa isipofanya kazi, lawama humwangukia mgonjwa kwamba hakuchangamka vya kutosha.

Dhana: Siku ya dripu ya kwanza ndiyo siku ya kutapika na kupukutika nywele.

Kwa wengi, sehemu kubwa ya siku hiyo ni kusubiri: damu ipimwe, urefu na uzito vichukuliwe ili kipimo cha dawa kikokotolewe, kisha dawa ichanganywe. Kabla ya dripu yenyewe hutolewa dawa za kuzuia kichefuchefu, kama vile ondansetroni, mara nyingi pamoja na deksamethasoni, ambayo humwacha mgonjwa bila usingizi usiku, tena na njaa, wakati nyumba nzima ilijiandaa kwa ndoo ya matapishi. Nywele, kwa dawa zinazoziathiri (maana si zote), huanza kutoka kati ya wiki ya pili na ya nne, na kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha. Bibi aliyenyoa mapema anaweza kumtangazia mjukuu wake kwamba pesa ya msusi sasa italiwa nyama.

Doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemotherapia, nayo ni nyekundu kama juisi ya rozela, na mkojo huweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Aliyeambiwa mapema hutoka chooni na mzaha. Ambaye hakuambiwa hutoka akitetemeka.

Dhana: Mgonjwa mcheshi yuko salama, hivyo hana haja ya kuulizwa sana.

Huyu ndiye wa kuulizwa zaidi, kwa kuwa watu waliomzoea akichekesha humfanya aone haya kusema kwamba vidonda vya mdomoni vinamzuia kumeza hata uji. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mwili, hushuka sana takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa nyingi, na homa ya nyuzi 38 katika kipindi hicho huweza kuwa ishara ya maambukizi yanayoua upesi. Hata kama mwenye homa anawavunja mbavu wote sebuleni, apelekwe hospitali usiku huohuo, na asipewe kwanza dawa ya kushusha homa ili kusubiri kupambazuke.