Disko Lililopata Mnara: Clouds FM na Redio ya Muziki wa Vijana Dar es Salaam

Kila ninapofundisha historia ya utangazaji, wanafunzi wangu huisimulia Clouds FM kupitia majina ya watangazaji na vipindi walivyokua navyo. Siwapingi, kwa kuwa sauti ndiyo inayobaki kichwani mwa msikilizaji, lakini naamini kituo hicho hakieleweki vizuri mpaka tuanzie ukumbini. Kabla ya kuwa jina la redio, Clouds lilikuwa jina la disko la Joseph Kusaga, na kazi kubwa ya mpiga disko ni kuusoma umati ulio mbele yake na kuamua wimbo gani ufuate. Redio iliyotoka mikononi mwa watu wa namna hiyo isingeweza kufanana na redio iliyotoka katika idara ya habari ya serikali.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilisikiliza redio moja ya nyumbani, Radio Tanzania Dar es Salaam, mrithi wa kituo kilichoanzishwa jijini humo mwaka 1951 wakati wa ukoloni. Nawasihi wasomaji vijana wasiidharau. Studio yake ya Barabara ya Pugu ndiyo iliyorekodi bendi zetu za dansi, DDC Mlimani Park miongoni mwao, na tepu zilizohifadhiwa humo ni hazina ambayo nchi nyingi zingeionea wivu. Hata hivyo, ilikuwa redio ya taifa zima, yenye wajibu wa kuelimisha, kuhamasisha na kutangaza vifo, na muziki ulipata nafasi yake ndani ya wajibu huo. Kijana wa Temeke au Upanga aliyekuwa akichana kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Saleh J alipopata sifa kwa kuigeuza rap ya Kimarekani kuwa ya Kiswahili, alisikika zaidi kwenye mashindano ya ukumbini na kwenye kanda zilizopita mkono kwa mkono.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliufungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata Radio One ikaingia hewani. Hapa napenda haki itendeke: si Clouds iliyoanza kuwapigia Watanzania muziki huu. Vipindi vya Taji Liundi na Mike Mhagama pale Radio One ndivyo vilivyowapa vijana wengi nafasi ya kwanza, na hata jina la Bongo Flava kwa kawaida hunasibishwa na Mhagama. Lakini Radio One ilikuwa na taarifa ya habari, michezo, salamu na matangazo ya kila rika, kwa hiyo muziki wa vijana ulikuwa mgeni mwenye saa zake.

Clouds FM ilipoanza mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, Kusaga akiwa pamoja na Ruge Mutahaba, mpangilio huo uligeuzwa. Kijana ndiye aliyekuwa mwenyeji, na habari ndiyo iliyopaswa kuomba nafasi kwake. Watangazaji waliongea kama watu wa jiji waongeavyo, wakitumia maneno ya mtaani ambayo Radio Tanzania isingeyaruhusu, na wapo wazee waliokereka kweli kweli. Naelewa kero yao, ila nadhani lugha ile ndiyo iliyomfanya msikilizaji aamini kwamba redio inamjua.

Kuna sababu ya kiufundi ambayo husahaulika. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mnara mmoja huhudumia jiji na viunga vyake, tofauti na mawimbi ya kati na mafupi ambayo huweza kuvuka mikoa na hata mipaka. Kinachopotea kwa umbali hulipwa kwa ubora, kwani FM hubeba sauti hadi takriban hertz 15,000, tena kwa stereo, ilhali mawimbi ya kati huzikata sauti nyembamba mapema na kuingiza mikwaruzo. Gitaa la dansi lilivumilia hali hiyo, lakini midundo iliyotengenezwa kwa kompyuta na maprodyuza wa miaka ile, yenye besi nzito chini na matoazi makali juu, ilihitaji FM ili isikike kama ilivyokusudiwa. Daladala yenye spika kubwa ikamalizia kazi.

Mafanikio yalileta mamlaka. Kampuni iliyokuwa na redio ilianzisha pia tamasha la Fiesta linalozunguka mikoani, na mwaka 2005 Mutahaba akaongoza kuanzishwa kwa Tanzania House of Talent, walikopita Mwasiti, Barnaba na Linah. Kumfundisha msanii, kumpiga hewani na kumpandisha jukwaani kukawa ndani ya uwezo wa watu wale wale. Wapo wasanii waliolalamika hadharani kwamba asiyekubaliana nao hasikiki, na ugomvi huo ni sehemu ya historia hii sawa na nyimbo zenyewe. Kwa maoni yangu kiini chake ni uchumi wa wakati ule: kanda ziliuzwa kwa bei ya chini, nakala za wizi zilijaa, na ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, kupigwa redioni kulimletea msanii mialiko ya maonyesho kuliko malipo ya moja kwa moja. Katika hali hiyo anayechagua wimbo hushika riziki ya mtu.

Mutahaba alifariki Februari 2019 akiwa Afrika Kusini, akazikwa kwao Bukoba. Tangu hapo nimeongeza bidii ya kukusanya kanda ambazo wasikilizaji walirekodi wenyewe majumbani, kidole kikiwa juu ya kitufe wakingoja wimbo uanze. Karibu katika kila kanda mtangazaji anaongea juu ya utangulizi wa wimbo, na walionipa kanda hizo huniomba radhi kwa kasoro hiyo. Mimi huwaambia kwamba maneno yale ndiyo ninayoyatafuta, kwa sababu wimbo bado unapatikana.