Kukwaruza kioo hakuthibitishi almasi

Dodoma, kama kwingineko, kuna kipimo kinachorithiwa mdomo kwa mdomo: jiwe likikwaruza kioo ni almasi, na likistahimili nyundo ndiyo kabisa. Vyote viwili vinapotosha.

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 (laini kabisa) hadi 10, kioo kiko karibu 5.5. Kwatzi, yale mawe meupe yanayookotwa kwenye vilima vya granaiti vya Dodoma, ni 7, nayo hukwaruza kioo bila shida. Zikonia inayouzwa badala ya almasi inapita 8. Almasi ni 10, lakini kutokwaruzika si kutopasuka: ina pande nne za kupasukia, na nyundo ikipata upande mmojawapo, jiwe halali linagawanyika. Ni njia ghali ya kutafuta jibu.

Ukichagua almasi, anza na mkato, yaani jinsi jiwe lilivyochongwa, si ukubwa. Jiwe lenye kina kifupi mno huvujisha mwanga kwa chini na kufifia katikati, hata likiwa safi. Rangi huanzia D, isiyo na rangi, hadi Z yenye umanjano. Litazame kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe kabla halijafungwa kwenye pete, maana dhahabu hulitia umanjano. Usafi hukaguliwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Uzito hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2.

Kalamu ya kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto nayo hudanganywa na moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi. Dai cheti cha maabara. Kikitaja namba iliyochongwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, isome kwa lenzi, isipolingana, usilipe.