Weusi wa Chungu Si Umri Wake

Wiki haipiti hapa Bagamoyo bila mtu kunijia na chungu alichokifunga kwenye kanga. "Fundi, hiki cha kale kweli, ona kilivyo cheusi!" Jamani. Chungu kikikaa mafigani mwezi mmoja kinakuwa cheusi kuliko cha bibi yako.

Weusi wa nje ni masizi. Mwingine hutokana na siku ya kuchomwa: wafinyanzi wetu, wengi wao akina mama, hupanga vyungu chini, wakavifunika kwa kuni na majani makavu, wakawasha. Palipopata hewa pakawa pekundu, palipokosa pakawa peusi. Hata ukitazama palipomeguka, katikati mara nyingi ni kijivu, maana moto umepita upesi bila kumaliza mabaki ya mimea yaliyomo kwenye udongo. Cha juzi kina dalili hiyo sawa na cha enzi za Kaole, mji wa kale uliobaki magofu hapa jirani.

Umri tunausoma kwenye mdomo, shingo, bega na nakshi. Vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vyenye pembetatu zilizochorwa udongo ungali mbichi na kujazwa mistari, kwa mfano, vimeenea pwani yote, na ni vya takriban karne ya 6 hadi ya 10. Zaidi ya yote, tunataka kujua kimetoka wapi na kilikuwa pamoja na nini. Ukikileta mkononi tu, hata mimi sina la kukwambia.

Kisha kuna wanaosugua masizi kwa waya wa sufuria "kipendeze". Acheni! Ndani ya kuta za chungu hubaki mafuta ya vyakula vilivyopikwa, na maabara huweza kuyatambua. Tumia brashi laini, kavu. Vanishi peleka kwenye milango.

Bakuli zinazong'aa, kama zile zilizopachikwa makaburini Kaole, si kazi ya wafinyanzi wa hapa. Ni kauri iliyokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, nyingine kutoka Uchina.

"Nimeokota, ni changu." Si hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Huchimbi wala husafirishi nje bila kibali.

Na kigae cha ufukweni kisipotolewa chumvi hubanduka ngozi kikikauka. Anayekihifadhi kwa kibali akiloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, abadilishe kila siku kwa wiki kadhaa, kisha akianike kivulini. Nimesema kivulini, si juu ya bati.