Miaka inakimbia, au sisi ndio hatuikumbuki?

"Ramadhani juzi tu, mara hii imefika tena!" Kila mwaka nawasikia watu wa rika langu wakisema hivyo, kisha wanahitimisha kwamba siku hizi muda hauna baraka. Wakijua kuwa mimi ni mwanasaikolojia wa kumbukumbu, wananigeukia: ni muda kweli, au ni uzee?

Jibu mashuhuri ni la hesabu. Mwanafalsafa Mfaransa Paul Janet alilitoa mwaka 1877: kwa mtoto wa miaka 10, mwaka mmoja ni sehemu ya kumi ya maisha yake, kwa mtu wa miaka 50 ni sehemu ya hamsini tu, hivyo lazima auone mfupi. Linapendeza, lakini halijanishawishi. Nani amewahi kusimama kwenye foleni akaugawa muda wa kusubiri kwa umri wake?

Halafu kuna kisa cha pangoni. Julai 1962, Michel Siffre, mwanajiolojia Mfaransa wa miaka 23, alishuka katika pango la Scarasson, kwenye Alpi za mpakani mwa Ufaransa na Italia, akaishi humo bila saa wala mwanga wa jua. Alipoamka na alipotaka kulala aliwapigia simu wenzake walioko juu, nao wakaandika saa. Walipomwambia kuwa ni Septemba 14 na jaribio limekwisha, kwa hesabu yake ilikuwa Agosti 20. Siku 25 zimeyeyuka, na kijana hana hata mvi! Baridi ileile, giza lilelile, hema lilelile: hakukuwa na cha kutenganisha jana na juzi.

Muda tunaupima kwa njia mbili. Unapopita, tunaupima kwa jinsi tunavyoufuatilia. Ukishapita, kwa yale tuliyoyahifadhi. Ndiyo maana nusu saa ya foleni haiishi, lakini jioni huikumbuki kabisa. Ubongo huyashika mambo mapya kwa undani, na yanayojirudia huyakunja pamoja. Mzee ukimwomba akusimulie maisha yake, mengi yatatoka kati ya miaka 10 na 30: shule ya bweni, mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, ndoa. Baadaye ni kazi ileile na njia ileile, na miaka mitano inaingia kwenye sentensi moja.

Mwaka 2005 watafiti Marc Wittmann na Sandra Lehnhoff walichapisha majibu ya watu 499 wa Ujerumani na Austria, wenye miaka 14 hadi 94. Kuhusu wiki au mwezi uliopita, vijana na wazee hawakutofautiana sana. Wengi waliona muda umekwenda mbio. Umri ulijitokeza hasa walipoulizwa kuhusu miaka 10 iliyopita, na hata hapo tofauti haikuwa kubwa. Kwa hiyo mjukuu wa sekondari anayelalamika kuwa likizo imeisha upesi hamwigi babu yake.