Nani Anayewapunguza Nyumbu wa Serengeti?

Muulize mtu aliyerudi Serengeti ni nini kinachowazuia nyumbu wasijae mpaka Mwanza. Atakujibu papo hapo: simba. Simba akikamata tunamwona, magari yanajazana, picha zinapigwa. Njaa huua kimya kimya.

Dhana: Simba na fisi ndio wanaoamua idadi ya nyumbu.

Kwa nyumbu wanaohama, sivyo. Watafiti walioifuatilia mizoga kwa miaka mingi walipasua mifupa na kutazama uboho. Mnyama aliyeshiba uboho wake ni mweupe, mzito kwa mafuta. Aliyedhoofu kwa njaa umebaki ute tu. Walikuta karibu robo tatu ya vifo vimetokana na ukosefu wa lishe, na vingi vilitokea kiangazi.

Simba wa Serengeti ni kama 3,000 tu, na hawawezi kuwafuata nyumbu safari nzima. Simba jike ana watoto wa kuficha na eneo la kulinda, kwa hiyo kundi likiondoka anabaki akihangaika na ngiri na swala. Miezi hiyo ya dhiki ndiyo inayopanga simba wangapi waishi. Na nyumbu huzaa karibu wote kwa pamoja, ndani ya wiki mbili tatu hivi kuanzia Februari. Wawindaji wanavimbiwa huku ndama wengine wakikua.

Dhana: Mto Mara huwamaliza.

Wanaozama kwa mwaka ni wastani wa 6,250 hivi. Ni kama nusu asilimia ya kundi.

Dhana: Nyumbu zaidi ya milioni wamekuwapo siku zote.

Mwaka 1961 walikuwa robo milioni tu. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika Mashariki karibu na 1890, iliua ng'ombe wa wafugaji, nyati na nyumbu, kisha ikaendelea kuua ndama mwaka hadi mwaka. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka porini pia, bila nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano. Kufikia 1977 walikuwa wamefika kama milioni 1.3. Pundamilia, ambao hawaugui sotoka, hawakuongezeka hivyo ingawa wanaliwa na simba wale wale. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Dhana: Ugonjwa ukiondoka, idadi hupanda bila kikomo.

Tangu hapo idadi ya kundi imekuwa ikizunguka pale pale. Masika majani huwa tele, hata wangekuwa mara mbili wangeshiba. Shida ni Agosti hadi Oktoba: wakiwa wengi, fungu la kila mmoja linakuwa dogo, na wazee na ndama ndio wanaotangulia kuanguka. Ukame wa 1993 uliwashusha chini ya milioni moja. Mvua ziliporudi, nao wakarudi. Kwa sababu hiyo naogopa uzio wa kuwazuia wasifike kwenye malisho yao ya kiangazi kaskazini, upande wa Maasai Mara nchini Kenya, kuliko ninavyoogopa simba yeyote.

Dhana: Kanuni hii ni ya wanyama wote.

Tembo na kiboko wazima, ndiyo, chakula ndicho kinachowabana. Swala wa aina ndogo wengi huishia midomoni mwa wawindaji. Hata nyumbu wenyewe hawafanani: wale wasiohama, kama wa ukanda wa magharibi, simba na fisi wanaishi nao mwaka mzima, na makundi yao hayajawahi kukaribia ukubwa wa lile linalotembea.